Treni Inayopiga Hodi

Nchi ninayoisimulia ipo, tena ipo sana, ila msihangaike kuitafuta kwenye ramani. Ramani zote zilikusanywa zikasahihishwe, na mpaka leo msahihishaji hajateuliwa. Jina la nchi hiyo nalijua lakini silitaji, kwa sababu Kamati ya Jina la Nchi bado inakaa, na anayelitaja kabla kamati haijamaliza huhesabika kwamba ameiharakisha. Mimi sitaki kuharakisha kamati ya mtu. Nina mtoto mchanga.

Nilikuwa nimekwenda Jiji Kuu kwenye harusi ya binamu yangu. Harusi ikaisha salama, bwana harusi akapatikana, na kabla ya basi langu la kurudi mkoani nikabakiwa na siku nzima ya bure. Nikajiambia: Mama Stara, na wewe umekuja mjini kusugua masufuria ya pilau tu? Leo jifunge kitenge chako kizuri, mbebe mtoto, nenda kalione jiji kwa Treni ya Chini. Stara wangu alikuwa bado ananyonya, meno ndiyo kwanza yanachomoza, lakini nilitaka siku moja aje awatambie wenzake shuleni: "Mimi nilipanda Treni ya Chini kabla sijajua kutambaa."

Treni hiyo kwetu tulikuwa tunaisikia redioni tu. Ilikuwa ikizinduliwa kila baada ya taarifa ya habari, na kila ikizinduliwa mama yangu huacha kuchambua mchele akapiga kigelegele, maana tulishaambiwa wasiopiga wanajulikana.

Kwanza niwaeleze ilivyojengwa, nchi nyingine zijifunze. Mashine ya kuchimba ilipoanza kazi ilikutana na jiwe. Jiwe kubwa, gumu, lisilo na ushirikiano. Wataalamu wakashauri lipasuliwe. Wakuu wakakataa katakata: jiwe lile lilikuwa pale kabla ya serikali, likipasuliwa leo, kesho nani atakuwa na uhakika na kiti chake? Ndipo busara ikapatikana. Likajengwa tuta refu, reli ikalazwa juu ya tuta, juu ya reli likawekwa paa la zege, na juu ya paa ukamwagwa udongo ukapandwa nyasi. Sasa mtu aliye chini ya udongo yuko wapi? Chini ya ardhi, bila shaka. Kwa hiyo ukitaka kushuka kwenye Treni ya Chini unapanda ngazi. Huko juu ya paa wanalisha mbuzi, na mbuzi hao wana wizara yao.

*

Nilianzia Kituo cha Uwazi. Kimezungushiwa ukuta mrefu usio na dirisha hata moja. Nikamwuliza askari aliyekuwa ameegemea ukuta, "Samahani kaka, mlango uko wapi?"

"Hilo ni swali la ndani, mama," akanijibu kwa upole. "Ukishaingia, uliza."

Nilizunguka mpaka nikaona watu wanapenya mahali, nikapenya nao. Jukwaani palikuwa safi. Katikati pametandikwa zulia jekundu, na juu ya zulia amesimama bwana mmoja aliyejifunga utepe wa dhahabu kifuani, mikono nyuma, kama baba mkwe anayesubiri posa.

Treni nikaisikia kabla sijaiona. Ikaja, ikaja, halafu ikasimama nje kidogo ya kituo, imechungulia pua tu. Dereva akatoa kichwa dirishani, akaita:

"Hodi!"

Bwana wa utepe akatazama dari.

"Hodi jamani!"

Bwana wa utepe akajirekebisha kola, akakohoa, akasema kwa sauti nzito: "Karibu!"

Ndipo treni ikaingia polepole, ikiona haya.

Nilikuwa bado nimeduwaa, spika za ukutani zikanguruma. Ilikuwa sauti ya Mheshimiwa Tandabui, Waziri wa Usafiri na Mapokezi, iliyorekodiwa ili aweze kuwepo kila mahali. "Ndugu abiria, treni ni mgeni. Mgeni hupiga hodi. Akiitikiwa na Mkaribishaji wa Kituo, ataingia. Asipoitikiwa mpaka mara ya tatu, mgeni mwenye adabu hurudi alikotoka. Huko kwa wenzetu treni zinajiingilia vituoni kama kuku jikoni, na wanaita hayo maendeleo! Sisi tumekataa. Sisi tuna staha!"

Nikapiga makofi. Nilipiga peke yangu. Watu wa mjini wamezoea vitu vizuri, hawashtuki tena.

*

Ndani palijaa. Nilitaka kusimama karibu na dirisha nilione jiji, nikakuta vioo vyote vimechorwa. Kulikuwa na bustani, maghorofa ya bluu, chemchemi ya maji na familia moja nadhifu inayocheka, baba, mama na watoto, wote na meno yaliyokamilika. Chini pameandikwa: HIVI NDIVYO JIJI LITAKAVYOKUWA. TAFADHALI USIKWARUZE RANGI. Nikaona wamefanya vyema. Jiji la sasa litabadilika tu, ya nini mgeni alizoee?

"Wewe mama! Wewe wa kitenge cha samawati!"

Alikuwa mwanamke mnene aliyekaa kiti cha pembeni, amefunga kilemba cha njano kikubwa kama mto wa kulalia.

"Umesimama kama mlingoti wa bendera na mtoto juu. Treni ikiyumba si utamgongesha kwenye hiki chuma? Lete huku nimpakate."

Huo ndio utaratibu hata kwetu, aliyekaa humpakata mtoto wa aliyesimama, wala hamwulizani majina. Lakini kwa kuwa nilikuwa mgeni nilisita kidogo, naye akaniona.

"Usiogope, mwanangu. Mimi ni Bi Mwatumu, nauza vitumbua pale Uwazi, kila mtu ananijua. Nimelea wangu, nikalea wa wenzangu, na mtoto hajawahi kupotea mikononi mwangu."

Nikampa. Stara alimkodolea macho, akakikamata kilemba, akaanza kukitafuna. Bi Mwatumu akacheka mpaka tumbo likamrusha mtoto juu. Moyo wangu ukatulia. Nikasema ndani ya nafsi yangu, nchi hii ina watu.

Basi tukafika Kituo cha Haraka. Baada ya hodi na karibu, spika zikatangaza: "Tumeingia kwa watu. Waliosimama washuke wakamsalimie mwenyeji, kwa niaba ya waliokaa."

Wenzangu wakashuka mbio. Mkaribishaji wa Haraka alikuwa na utepe kama yule wa kwanza, ila uso wake ulikuwa wa huzuni, na kifuani ana kibati kilichoandikwa B. SHANGWE. Kila abiria alimgusa mkono, "salama-salama-salama," kama anayefukuza nzi, huyoo akarudi ndani. Mimi nilikuwa wa mwisho.

"Karibu mama," akasema Bwana Shangwe. "Habari za utokako?"

Sasa jamani, mimi nimelelewa. Mtu mzima akikuuliza habari za utokako, ukimrushia "salama" moja ukageuka, kwetu wataulizana umezaliwa na nani. Nikamjibu. Nikamweleza kwamba kwa jumla hatujambo, ila mvua zimechelewa na mahindi yamekaa kimya ardhini. Harusi tumeimaliza, nyama ilikuwa ngumu lakini ilitosha. Mama anasalimia, ila mguu wake wa kushoto unamsumbua tangu masika.

Bwana Shangwe aliinua macho. Sidhani kama katika maisha yake yote ya utepe alikuwa amewahi kujibiwa.

"Pole sana," akasema taratibu. "Na mnaukanda huo mguu?"

"Tunaukanda kwa maji ya moto na chumvi."

"Maji yawe moto hasa?"

"Yawe ya kuvumilika tu."

Na nyuma yangu milango ya treni ikajifunga.

*

Nikageuka. Behewa lilikuwa linaondoka na ile familia yake iliyochorwa, inacheka.

"Mwanangu!"

"Ee, na watoto hawajambo?" akauliza Bwana Shangwe.

"Mwanangu ameondoka na treni!"

"Ameondoka salama?"

"Baba, mtoto wangu yumo mle ndani! Ananyonya!"

Bwana Shangwe alinyanyua kiganja kunituliza. "Mama, hatujafika kwenye watoto. Tulikuwa kwenye mguu."

Sikumtukana. Nataka hilo lijulikane. Nilimshika mkono tu, labda kwa nguvu, nikamwambia apige simu kituo kinachofuata, Kituo cha Utulivu, wamzuie Bi Mwatumu pale mpaka nifike.

Akaniongoza ofisini. Mezani palikuwa na simu mbili. Ya kwanza nyekundu, ya Wizara. Ya pili ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma kwa mkono, chenye maua pembeni, kama redio ya bibi harusi.

"Ile pale ndiyo ya Utulivu," akasema, lakini hakuisogelea.

"Basi piga."

"Nikipiga itabidi nianze kusalimia."

"Si usalimie!"

Akakaa kitini kwa uchungu. "Mama, wewe ni mgeni, ngoja nikueleze. Mkaribishaji wa Utulivu anaitwa Kimbunga. Tuliteuliwa siku moja, tukaapishwa kwa kitabu kimoja, mkono wake juu, wangu chini yake, kwa kuwa kitabu kilikuwa kidogo. Sasa kwa sababu ya ule mkono kuwa juu, anadai yeye ndiye mkubwa. Anataka nimpe shikamoo. Mimi! Shikamoo! Kimbunga!"

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema mkono wa chini ndio uliogusa kitabu. Kwa hiyo anipe yeye. Ipo Tume ya Shikamoo inalichunguza jambo hili, na ikishatoa ripoti tutaongea kwenye simu. Kwa sasa tumenuniana."

"Na treni zinazotoka kwako kwenda kwake?"

"Kuna siku anaamka vizuri, anaziitikia."

"Leo ameamkaje?"

Jibu lilikuja lenyewe. Kutoka huko mbele, chini ya lile paa refu, tulisikia sauti ya dereva, ndogo kwa umbali: "Hodi... Hodi... Hodi jamani..." Kisha kimya. Kisha magurudumu yakaanza kuja kwetu.

Nikaruka. Treni inarudi! Mungu mkubwa, adabu za nchi hii zimenirudishia mwanangu! Nikakimbilia jukwaani, mikono wazi. Treni ikaja kinyumenyume, ikasimama nje kidogo ya kituo. Dereva alikuwa amehamia chumba cha nyuma, ambacho sasa kimekuwa cha mbele, akatoa kichwa.

"Hodi!"

Nikamgeukia Bwana Shangwe. Alikuwa amesimama kwenye zulia lake, mikono nyuma, anatazama dari.

"Hodi!"

"Mwitikie," nikamwambia.

"Siwezi, mama. Hawa ni wageni waliokwisha kuniaga. Nikiwapokea nitakuwa nimekubali kwamba Kimbunga ana haki ya kunirudishia watu. Kesho atanirudishia na nini?"

"Hodi jamani!"

Na hapo ndipo nilipomsikia Stara. Mnazijua sauti za watoto wenu. Hicho hakikuwa kilio cha kuudhika, wala cha usingizi. Kilikuwa kilio cha njaa, kile kinachoanza chini halafu kinapanda kama mtu anayepanda ngazi. Maziwa yakanitoka bila kuambiwa, yakalowesha kitenge changu kizuri mbele.

"Karibu!" nikapiga ukelele. "Karibuni! Ingieni!"

Dereva alinitazama, nikaona anatamani. Bwana Shangwe akashtuka kana kwamba nimevua nguo. "Mama! Huna utepe! Anayekaribisha bila utepe anahesabika amefanya mapinduzi!"

Treni ikarudi ilikotoka. Kilio kikarudi nayo, kikafifia.

*

Sitawachosha. Treni ilikwenda Utulivu, haikuitikiwa. Ikarudi Haraka, haikuitikiwa. Ikaenda tena. Mwanangu alikuwa anakuja na kuondoka, anakuja na kuondoka, na mimi najua yu umbali gani kwa kusikiliza tu. Safari moja, kwenye kidirisha cha juu cha kupitishia hewa, ukatoka mkono umeshika kitambaa kirefu cha njano unakipunga. Bi Mwatumu alikuwa amefungua kilemba ili nijue ninaye. Nikapunga kitenge. Abiria wengine wakatoa mikono wakapunga na wao, wengine leso, mmoja kiatu.

Nilitaka kuteremka relini nimfuate. Askari wa kituo akanizuia kwa adabu kubwa. Alinieleza kwamba njia ya reli ni ya wageni, na mimi, kwa kuwa nimeshaitikiwa na kusalimiwa, kwa muda huo nilikuwa mwenyeji. Nikamwambia basi kama ni mwenyeji niruhusiwe kukaribisha. Akafikiri. Akasema mimi ni mwenyeji wa kusubiri.

Bwana Shangwe naye hakuwa jiwe. Kilio kilivyozidi ndivyo alivyozidi kujifuta uso kwa ncha ya utepe. Mwishowe akainua simu nyekundu, akampata Mheshimiwa Tandabui mwenyewe, si wa kurekodiwa. Akamweleza kwa kifupi: treni, mtoto, maziwa. Mheshimiwa akaamuru sauti yake iunganishwe kwenye spika zote za njia, ili tatizo litatuliwe hadharani.

"Ndugu zangu!" spika zikatetemeka. "Nimepokea taarifa za upotoshaji kwamba kuna treni imekwama. Treni haijakwama! Treni iliyokwama haiendi. Hii inakwenda, tena inakwenda pande zote mbili! Wangapi duniani wana treni ya namna hiyo?"

Bwana Shangwe alikuwa amekakamaa, kidevu juu, mkono kifuani. Askari vilevile. Hotuba ya Waziri husikilizwa umesimama, macho mbele.

"Nimeambiwa kuna mama ametenganishwa na mtoto wake. Nasema hapana! Mtoto yuko mikononi mwa Serikali, anazunguka jiji bure. Sisi wengine utotoni tulizungushwa na nani?" Hapo treni ilikuwa imefika karibu yetu tena, na kilio cha Stara kikapenya mpaka kwenye simu. Mheshimiwa akanyamaza kidogo kusikiliza. "Mnasikia? Hata watoto wanashangilia!"

Hotuba ikaendelea, ikaingia kwenye historia ya gurudumu. Nikaona wote wamekakamaa, hakuna anayenitazama. Nikaingia ofisini. Nikaondoa kile kitambaa cha maua. Nikainua simu ya Utulivu.

Iliita kidogo tu. Upande wa pili mtu akapokea lakini hakusema kitu. Alikuwa anapumua.

"Shikamoo," nikasema.

"Nani?" ikauliza sauti nzito, yenye mashaka.

"Napiga kutoka Haraka."

"Haraka. Haraka wamesemaje?"

"Haraka tunasema shikamoo, baba."

Kwangu mimi lilikuwa jambo dogo. Kila mtu mzima namwamkia, iwe ana utepe iwe hana. Lakini nilisikia kiti kikianguka. "Marahaba!" akasema Bwana Kimbunga, na sauti ikampasuka. "Marahaba mwanangu, marahaba sana! Hebu rudia."

"Shikamoo."

"Marahaba! Jamani njooni! Haraka wameniamkia! Nitamwambia nini mke wangu mimi, mbona ataniona nimekuwa mrefu! Sema mwanangu, unataka nini? Omba chochote!"

"Itikia treni, baba. Mtoto wangu ana njaa."

*

Alivyoitikia, hata spika za Mheshimiwa zilimezwa. "KARIBUNI! Karibuni sana Utulivu!"

Treni, iliyokuwa karibu nasi, ikaanza kuondoka kwa furaha kuelekea kule. Sikujali. Nilikuwa nimeshapiga hesabu kwamba nitakimbia kwa barabara ya chini mpaka Utulivu. Lakini Bwana Shangwe alikuwa amezinduka. Alinitazama, akaitazama simu isiyo na kitambaa, akaelewa. Uso wote ukamwiva.

"Umempa? Kwa simu yangu?"

"Nimempa yangu mwenyewe."

"Hapana, mama. Kesho jiji zima litasema Haraka wameamkia." Akatoka mbio mpaka kwenye zulia, akapaza sauti kuliko alivyowahi kupaza: "KARIBUNI! Rudini! Karibuni Haraka, nyumba ni yenu!"

Treni ikasimama katikati.

"Msimsikilize!" akanguruma Bwana Kimbunga huko mbele. "Huku kuna chai!"

"Huku kuna chai ya maziwa!"

"Na maandazi!"

"Na chapati! Za kukunja!"

"Kuku!"

"Mbuzi mzima!" akalia Bwana Shangwe, ambaye kwenye kabati lake mimi mwenyewe niliona kikombe kimoja tu, tena hakina mkono.

Dereva alichanganyikiwa. Kwa sheria ya nchi yetu, mgeni haruhusiwi kudharau mwaliko. Alikuwa na mialiko miwili, kila mmoja mzito kuliko mwenzake, na kutii mmoja ni kuvunja mwingine. Akazima injini. Juu ya hayo yote Mheshimiwa Tandabui alikuwa bado anahutubia, sasa amefika kwenye gurudumu la mbao, anawashukuru wote wanaoshangilia.

Kisha kilio cha Stara kikakoma.

Mzazi yeyote atawaambia kilio cha namna ile kikikoma ghafla unapata hisia gani. Sikuona wala sikusikia kingine, si chapati wala gurudumu. Nilitazama tu lile giza la chini ya paa, nikasema jina lake, si kwa sauti.

Nikasikia chuma kikisukumwa. Mlango, unasukumwa kwa mikono. Halafu sauti za watu, si za kelele, sauti za kawaida za watu wanaoteremka mahali: "Shika hapa," "Angalia kiatu," "Nyie vijana mteremsheni yule baba." Na kutoka kwenye lile giza wakaanza kutokea, wanatembea juu ya reli, mmoja mmoja halafu makundi, wenye vikapu na wenye tai. Mbele yao Bi Mwatumu, kichwa wazi, mvi zake zimesimama huku na huku. Kile kilemba cha njano alikuwa amemfungia Stara mgongoni. Mtoto alikuwa amenyamaza tangu alipofungwa mgongoni, na sasa alikuwa anabembelezwa na mwendo, ananyonya kidole na kutazama.

"Simameni!" Bwana Shangwe akaweka mikono mbele. "Hamjapiga hodi!"

Bi Mwatumu hakusimama. Alipanda jukwaani kwa kusukumwa na vijana, akahema, akajishika kiuno.

"Hodi ya nini, Shangwe?"

"Ya kuingia, mama! Kila anayeingia..."

"Mimi nimezaliwa nyuma ya hiki kituo. Hilo tuta mmelimwaga juu ya shamba la mihogo la mama yangu. Hapa ni kwetu." Alisema bila hasira, kama anayemkumbusha mtoto kunawa mikono. "Umeshaona wapi mtu anapiga hodi kwake?"

Bwana Shangwe akashusha mikono. Akawatazama watu waliokuwa wakipanda jukwaani nyuma ya Bi Mwatumu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anatazama utepe wake. Mwisho wa wote alikuja dereva, amebeba chakula chake cha mchana kwenye kikapu.

"Hata wewe?" Bwana Shangwe akamwuliza.

"Mimi nawafuata abiria, mkuu," akasema dereva. "Si ndiyo kazi yangu?"

Bi Mwatumu alikuwa ameshanifungulia mwanangu. "Mchukue. Na wewe nawe! Nani alikwambia uwajibu hawa salamu zao?"

Wanawake walinizunguka, wakafungua khanga zao wakanifanyia ukuta, wanaume wakageukia upande mwingine wakajifanya wanasoma matangazo. Stara alinyonya kwa hasira, jicho moja kanikazia, kama anayesema tutaongea nyumbani. Nilimhesabu vidole. Nilimnusa shingo. Alikuwa ananukia vitumbua.

*

Niliporudi nyumbani nilisikia tamko redioni. Serikali ilieleza kwamba siku ile wananchi walishiriki kwa hiari majaribio ya huduma mpya, Treni ya Miguu, isiyotumia mafuta, isiyo na mlango na isiyohitaji dereva, na kwamba majaribio yamefaulu kuliko treni yenyewe. Mheshimiwa Tandabui alipewa nishani ya kubuni. Bwana Kimbunga na Bwana Shangwe walihamishiwa kwenye Wizara ya Mbuzi. Nasikia wanasalimiana, maana mbuzi wenyewe hawakubali kuongozwa na watu wawili wasioongea.

Lakini barua ya binamu yangu inasema mambo ambayo redio haisemi. Anasema watu hawakuacha. Treni ikichelewa kuitikiwa wanashuka, wanatembea ukingoni mwa tuta, nje ya paa, mpaka wanakokwenda, na kwa kuwa kule nje ya behewa hakuna vioo vya kuchorwa, wameanza kuliona jiji. Wanaona mtaro uliojaa takataka na shule isiyo na paa, na wanasimama kuulizana ni kazi ya nani. Jumamosi moja walikuja na majembe. Hawakumwomba mtu ruhusa. Wakuu wamewatuma askari wakatazame, na binamu anasema baadhi ya askari wamerudi na matope viatuni.

Nimemsomea Stara barua hiyo, ingawa aliichana kabla hatujafika mwisho. Sasa anajishika kwenye meza ananyanyuka, anayumba, anakaa, anacheka. Jana aliachia mkono mmoja. Akiachia wa pili, nitamfungia viatu turudi mjini, na safari hii simpi mtu ampakate: atatembea.